Ubingwa wa mezani, kushuka daraja kwa mezani: tuiongelee ligi kuu ya Uganda na misimu yake miwili ya korona

MkaaMpakani (Malaba)

Wapenzi wa mpira, salaam. Jana nimebishana na jamaa mmoja kwenye kibanda cha chapati hapa Malaba mpaka mwenye kibanda akatutishia kuzima jiko. Jamaa anasema korona haikuiharibu ligi kuu ya Uganda, "bingwa si alipatikana?" Mimi nasema bingwa alipatikana ila ligi haikuisha. Nimeona nilete hapa, mnisaidie au mnimalize kabisa.

Kwanza hesabu, tusipotezeane muda. Msimu wa 2019/20 ulikuwa na timu 16, mechi 30 kwa kila timu. Tarehe 18 Machi 2020 Rais Museveni akahutubia, akafunga shule na kupiga marufuku mikusanyiko kwa siku 32. Siku hiyo Uganda haikuwa na mgonjwa hata mmoja aliyethibitishwa, wa kwanza alitangazwa tarehe 21, alikuwa ametoka Dubai. Mpira ukasimama zikiwa zimebaki raundi tano. Zile siku 32 zikazaa nyingine, nyingine zikazaa wajukuu, na tarehe 20 Mei FUFA, shirikisho la mpira la Uganda, wakafunga daftari mezani, mechi zilizobaki zisichezwe: Vipers bingwa kwa pointi 54, KCCA wa pili kwa 50, wanaoshuka ni Proline, Maroons na Tooro United.

Lakini kinachoniuma mimi hakiko Kitende kwa Vipers wala Lugogo kwa KCCA. Ni MYDA. Timu ya hapa hapa Malaba, ilipanda ligi kuu mwaka huohuo wa 2020 pamoja na UPDF na Kitara. Ukisema Malaba watu wanafikiria foleni ya malori na forodha, ghafla tumo ligi moja na Villa na Express! Nilitembea wiki nzima nimevimba kichwa kama mimi ndiye niliyefunga.

Msimu wa 2020/21 ukaanza Desemba, bila mashabiki. Mechi za nyumbani zinachezwa Tororo, mimi nikapanda boda mpaka kule, geti limefungwa. Nikazunguka nyuma nikapata lori bovu, nikapanda juu ya bodi. Niliona kona moja ya uwanja, ile bendera ya kona na nusu ya goli. Mpira bila watu una sauti mbaya, jamani. Unasikia kocha anavyotukana, unasikia kiatu kinavyougonga mpira, halafu kimya. Dakika kama ishirini hivi askari akaja na fimbo: "Wewe, shuka." Nikashuka. Hiyo ndiyo ligi kuu niliyoiona.

Juni 2021 wimbi la pili, ligi ikasimama tena, Julai FUFA wakaifunga tena kabla haijaisha. Express bingwa. Walioshuka: Kitara, Kyetume na MYDA. Timu yangu imecheza ligi kuu na sikuwahi kukata tiketi. Sasa niambieni nihesabu kwamba tulikuwa ligi kuu, au niliota?

NyokaWaKitende

Pole kwa MYDA, kaka, lakini usituchanganye kwenye kilio chako. Kanuni ilikuwepo kabla hata ya hicho kirusi: msimu ukikatika asilimia 75 ya mechi zikiwa zimechezwa, msimamo uliopo ndio msimamo. 25 kwa 30 ni asilimia 83. FUFA hawakubuni kitu usiku. Vipers alikuwa juu, akabaki juu. Taji la nne hilo, na kombe halina alama ya meza.

Mzee wa Lugogo

Mezani ni mezani tu, kijana. Tofauti pointi nne, pointi 15 bado ziko uwanjani, na nyuma yenu yuko bingwa mtetezi. Mimi nimeangalia ligi hii tangu enzi timu yetu inaitwa KCC. Nimeona watu wakiongoza kwa zaidi ya hizo nne wakaishia kulia kwenye mechi ya mwisho. Sisemi tungewapata. Nasema hamkuimaliza safari, dereva aliwashusha njiani na bado mnadai mmefika.

NyokaWaKitende

Mzee wangu, kwa heshima zote. Kama Machi mngekuwa nyinyi juu, ungeitaka hiyo kanuni au ungetaka tucheze Novemba?

Mzee wa Lugogo

Ningeitaka kanuni, na ningenyamaza. Ndiyo tofauti yetu, sisi tunajua kunyamaza.

Binti wa Bombo

Hahaha Mzee umejifunga mwenyewe.

DerevaWaBonde

Mimi ni Mtanzania, napita Malaba mara kwa mara, naomba kuchangia. Kwetu ligi ilisimama Machi ikarudi 13 Juni 2020, Simba wakachukua ubingwa uwanjani mwezi huohuo. Rwanda walimpa APR mezani, Kenya wakampa Gor Mahia mezani. Hata Ufaransa walimpa PSG bila kumaliza. Kwa hiyo Waganda hamkuwa peke yenu, punguzeni kujionea huruma.

Ila kwa kuwa Mkaa ameitaja Malaba, niseme langu. Mei ile nilikuwa kwenye foleni yenu. Foleni si ya magari mia, ni ya kilomita, unalala, unaamka umesogea urefu wa trela mbili. Tunasubiri majibu ya vipimo. Takwimu za wagonjwa wa Uganda siku zile zilikuwa zinasomwa redioni hivi: madereva wa malori wangapi, raia wangapi. Yaani sisi tulikuwa na safu yetu, kama timu pinzani. Mama muuza chakula, ambaye kabla ya hapo aliniita "mwanangu", anaweka sahani chini, anarudi nyuma hatua tano, ananiambia weka hela kwenye kile kikopo chenye sabuni. Simlaumu. Uamuzi wa Vipers niliusikia nikiwa nimelala chini ya trela kwenye kivuli, redio ya turn boy, yaani utingo wangu. Yeye alikuwa shabiki wa KCCA. Alisema "banange" ("jamani" ya Kiganda) mara moja tu, akaendelea kuchambua maharage.

MkaaMpakani (Malaba)

Dereva, huyo mama inawezekana ni shangazi yangu, hapo kwenye kituo cha mafuta? Kile kikopo bado anacho, siku hizi anawekea chumvi.

DerevaWaBonde

Ndiye! Msalimie. Mwambie nilipona, maana sikuwa hata mgonjwa.

AfandeMstaafu (Bombo)

Nimesoma kimya kimya tangu juu. Mnabishana kuhusu meza, hamuulizi nani alikuwa analipa. Angalieni timu zetu zimejengwaje. UPDF ni ya jeshi. Police ni ya polisi. URA ni ya mamlaka ya mapato. KCCA iko chini ya jiji. Kijana akiwa askari na mchezaji, ligi ikisimama bado ni askari, mwisho wa mwezi anapata chake. Lakini timu za mtaa, za tajiri mmoja, za wilaya, kijana mshahara wake ulikuwa tiketi za getini na moyo wa mwenye timu. Geti likifungwa, umebaki moyo. Na moyo haununui unga.

Sisi tulipanda pamoja na MYDA na Kitara. Tatu tuliingia, mwaka uliofuata mmoja tu akabaki. Sisemi ni kwa sababu ya mshahara peke yake, tulikuwa na timu nzuri vilevile. Lakini msimu usio na mashabiki, na kila mara vipimo ambavyo wakati ule kwa mtu wa kulipia vilizidi laki mbili kwa kichwa kimoja, zidisha kwa wachezaji, makocha, daktari, dereva wa basi... fanyeni hesabu wenyewe.

KijanaWaLuzira

Afande heshima yako, lakini Maroons ni ya Magereza na ilishuka 2020. Wana mshahara wote huo.

AfandeMstaafu (Bombo)

Sawa kabisa. Mshahara haufungi mabao. Nimesema unazuia njaa.

Proline Damu

Mtu asituguse hapa. Mwaka 2019 tumebeba Kombe la Uganda, tumekwenda kucheza Kombe la Shirikisho Afrika, tumerudi tumechoka, tukaanza vibaya, sawa, kosa letu. Lakini mechi tano ni pointi 15! Bingwa kupewa kombe mezani naelewa, hakuna aliyedhurika sana. Kumshusha mtu daraja mezani ni kumzika akiwa anapumua. Wangeweza kuacha timu 19 msimu uliofuata, au wasimshushe mtu. Kanuni, kanuni... Kanuni iliandikwa na mtu aliyefikiria mvua au vita, si gonjwa la dunia nzima.

NyokaWaKitende

Timu 19, mechi 36, wakati hata hizo 30 za msimu uliofuata hazikumalizika? Ndugu yangu.

Proline Damu

Ndiyo maana nimesema mtu asituguse.

ShabikiMwekundu (Wankulukuku)

Sasa nyie mnaosema mezani mezani, njooni kwa Express. 2021 walitupa kombe Julai, la kwanza tangu 2012, miji yote ikacheka: "Mukwano gwa Bangi (ndilo jina letu la utani) wamepewa zawadi na korona." Tukanyamaza. Kocha Wasswa Bbosa akafunga mizigo, tukaenda Dar es Salaam kwenye Kombe la Kagame mwezi wa Agosti. Fainali na Big Bullets ya Malawi, moja bila, mfungaji Eric Kambale. Mabingwa wa Afrika Mashariki na Kati. Uwanjani. Jasho. Mtu akiniambia mezani namwonyesha Dar.

Na pia niseme lililoniuma. Siku tunapewa ubingwa nchi ilikuwa imefungwa. Miaka tisa nimengoja kuendesha pikipiki kuizunguka Wankulukuku nikipiga honi. Nilipiga honi ndani ya ua, pikipiki imesimama, mke wangu akatoka akauliza kama nimegongwa na kitu.

Mzee wa Lugogo

Hongera za Dar nawapa, sikatai. Lakini wacha niwakumbushe kwamba korona ilitupiga sisi hata nje ya ligi. Kombe la Uganda la 2020 halikuisha, sisi tukaenda Kombe la Shirikisho tukapangwa na AS Kigali. Vipimo vikatoka, tukabaki na wachezaji wasiofika 15 ambao CAF, shirikisho la Afrika, ilikuwa inataka. Mechi ya Kigali haikuchezwa, tukaandikiwa tumefungwa mbili bila. Marudiano Lugogo tukawapiga tatu moja. Jumla tatu tatu, wakapita wao kwa bao la ugenini. Moja tu! Nimeona timu ikitolewa kwa penalti, kwa refa, kwa matope. Kutolewa na pamba ya puani sikuwahi.

Binti wa Bombo

Pamba ya puani 😂😂 Mzee utatuua.

MfuaJezi

Nilikuwa najizuia kuandika, lakini nimeshindwa. Mimi nilikuwa mtunza vifaa wa klabu moja ya ligi kuu, ya mikoani. Sitaitaja. Wanaonijua wataijua, tuwaache walale. Yote mliyosema ni ya kweli, ila ni ya watu wa msimamo wa ligi. Mimi nitasema ya kamba ya nguo.

Jumatano ile ya tarehe 18 Machi nilikuwa nimefua jezi za ugenini, seti nzima, tulitakiwa kusafiri. Jezi za bei yetu hazitaki jua kali, namba zinabanduka, kwa hiyo unazigeuza ndani nje na kuzianika kivulini. Jioni nimeshaanua, nakunja, redio ya jirani inaongea. Meneja akapiga simu: "Usifungashe." Nikamuuliza mpaka lini. "Siku 32." Nikazitia kwenye begi nikaenda nalo kwangu, kwa sababu stoo ya klabu ilikuwa inavuja. Begi hilo lililala chini ya kitanda changu mpaka Novemba. Panya walikula kitambaa cha nahodha.

Wachezaji waliokuwa wanaishi kwenye nyumba ya klabu walikuwa kumi na mmoja. Wa karibu wakaondoka. Tarehe 25 usafiri wa umma ukasimamishwa, sita wakanaswa, mmoja wao Mkongomani na mpaka umefungwa. Siku chache baadaye magari binafsi nayo marufuku, kafyu saa moja jioni. Mshahara wa Februari ulikuwa haujafika, wa Machi msiniulize. Mpishi akaacha kuja, hakuwa amelipwa pia. Mimi naishi jirani, nikawa mpishi. Chakula cha serikali, kilo sita za unga na tatu za maharage kwa kila mtu, kilianzia Kampala na Wakiso, sisi tulikuwa mbali na huko. Mafuta ya kupikia nilipima kwa kifuniko cha soda. Vifuniko viwili kwa sufuria ya watu saba. Cha tatu siku ya Jumapili.

Walikuwa wanafanya mazoezi asubuhi ndani ya ua. Majirani wakamwita mwenyekiti wa LC, serikali ya mtaa, wakisema hawa vijana watatuletea ugonjwa. Mwenyekiti akaja, barakoa iko kidevuni, akawahesabu kama mbuzi, akaandika kwenye daftari la shule. Aprili Rais akakataza mazoezi ya nje, akatoa video yake akikimbia ofisini na kupiga pushapu. Vijana waliizunguka simu moja kuitazama. Kipa wetu akasema, "Mzee yuko fiti, asajiliwe." Ndiyo mara ya mwisho nakumbuka nyumba ile yote ikicheka.

Siku FUFA wanatangaza, sisi hatukushuka daraja. Tulinusurika! Nikaenda kuwaambia. Mmoja tu aliuliza: "Kwa hiyo watatulipa?"

Namba 14, winga, kijana mwenye mbio kweli, usafiri uliporudi Juni nauli ilikuwa imepanda kwa sababu takisi zilibeba nusu. Aliuza njumu zake kwa elfu arobaini kupata nauli. Njumu! Nilimwambia acha nikukopeshe. Nilikuwa na elfu sita. Hatukurudiana naye kwenye msimu mpya. Desemba meneja alikuja na jezi mpya za mdhamini, akaniambia zile za zamani nifanye ninavyotaka. Nyingine nimezigawa. Ya namba 14 sijaigawa.

AfandeMstaafu (Bombo)

Ndugu MfuaJezi, nimesoma mara mbili. Klabu yenyewe ilikuja kulipa?

MfuaJezi

Afande, walilipa nusu, kwa vipande, na si wote. Mkongomani alipata nauli kutoka kwa mashabiki. Walichanga sokoni.

Mama Nyanya (Jinja)

Na sisi tunaouza nje ya uwanja mtuhesabu. Siku ya mechi nilikuwa nauza mayai ya kuchemsha trei tatu na njugu. Msimu mzima ule bila mashabiki, mechi zinachezwa ukutani kwangu, nasikia filimbi, na sina wa kumuuzia ila askari wa getini. Naye anataka mkopo.

KijanaWaLuzira

Halafu mnakumbuka Namboole? Uwanja wa taifa uligeuzwa hospitali ya korona. Binamu yangu alilazwa pale. Alitusimulia kwamba maisha yake yote alitamani kuingia Namboole siku ya Cranes, timu ya taifa, akaja kuingia kwa ambulensi. Alitoka mzima, namshukuru Mungu.

NyokaWaKitende

Uzi umenitoa kwenye ubishi. Nilikuja kutetea kombe, sasa hata sijui nitetee nini. Kombe ni letu hata hivyo, Mzee usifurahi.

Mzee wa Lugogo

Sijafurahi. Naandika tu pembeni.

MkaaMpakani (Malaba)

Swali langu mmelipita lakini si kitu. Yule jamaa wa chapati nimemsomea kisa cha MfuaJezi chote, akaniambia, "Sawa, haikuisha," akalipa chai ya wote. MfuaJezi, huyo namba 14 alikuwa mrefu, mweusi, anatembea kama ana mwiba mguu wa kulia, anapenda kuita kila mtu "kocha"?

MfuaJezi

Mguu wa kushoto. Lakini hiyo ya "kocha" ni yeye mtupu. Umemwonea wapi?

MkaaMpakani (Malaba)

Kuna kijana wa boda hapa stendi, upande wa kwenda Busia. Aliniambia alicheza ligi kuu, mimi nikamwambia boda wote mnasema hivyo. Ngoja kesho nimuulize jezi.

MfuaJezi

Muulize namba tu, usimwambie mengine. Na mwangalie mwili. Ile jezi ni saizi ya kati.